Kipimo Kilisoma Kaswende, Nikamfukuza Mke Wangu

Jina langu msiliulize, halitawasaidia kitu. Nina fremu ndogo Kariakoo, nauza zipu, vifungo, nyuzi na lastiki. Mafundi cherehani wengi wa mjini wananijua, na hilo tu linatosha kunifanya nijifiche. Ninachotaka mjue ni kwamba nimekosa. Nimemkosea mke wangu, tena hakuna mtu aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, na muda wote ule nilikuwa najiona mjanja.

Mke wangu hapa nitamwita Mama Nasra. Si jina la binti yetu, lakini mtu lazima aitwe kitu.

Tunakaa Buguruni, vyumba viwili vya kupanga. Mimi kwetu Masasi, yeye Mnyamwezi wa Tabora. Asubuhi anakwenda Feri kununua samaki, jioni anakaanga pale nje kwetu, na wateja wake hawahami. Alikuwa na mimba ya pili, changa. Siku hiyo alikwenda kliniki peke yake kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri mzigo dukani.

Jioni akasubiri nimalize kula ndipo akaniambia. "Baba Nasra, kile kipimo cha kaswende kimesoma tena. Lakini usiwe na wasiwasi, si walishatuambia kitakuwa kinasoma hivyohivyo? Wamenichoma sindano moja kwa usalama wa mtoto, na wamechukua damu nyingine ya kupeleka maabara."

Maneno yote hayo, mimi nikabaki na moja tu: tena.

Nisipowaeleza hiyo "tena" hamtanielewa. Kwenye mimba ya Nasra tulikwenda kliniki wote wawili, maana mama mjamzito siku hizi anaambiwa aje na mwenzake. Tukapimwa. Kipimo chake kikatoka mistari miwili, changu mistari miwili. Kaswende, wote. Tukaandikiwa sindano zile za makalioni. Jamani ile sindano inauma, mguu unakuwa kama si wako.

Nilipochomwa ya kwanza nikamwambia Mama Nasra nitamsubiri nje. Kwenye benchi alikuwepo mke wa fundi mmoja, mteja wangu, na nilihisi ananiangalia. Nikatoka nachechemea, nikasimama chini ya kibao cha kliniki nikajifanya napiga simu ya mzigo. Mke wangu ndiye aliyebaki ndani kusikiliza maelekezo. Siku za sindano zilizofuata nilifanya hivyohivyo, naingia, nachomwa, natoka. Tukamaliza dozi. Nasra akazaliwa mzima, mashavu mpaka raha.

Sasa nawaambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

Mimi nilijua ile kaswende ilikotoka. Tulikuwa hatujamaliza mwaka kwenye ndoa nikasafiri kwenda Tunduma kufuata bidhaa. Nililala gesti, na sikulala peke yangu. Niliporudi kikanitoka kidonda sehemu za siri, kidogo, hakiumi hata ukikigusa. Ningekuwa na akili ningekwenda hospitali. Mimi nikanunua unga kwa mtu mmoja anayetembeza dawa pale mtaani kwetu Kariakoo, nikawa nanyunyizia. Kidonda kikakauka, kikapotea. Nikamsifia yule mtu kwa wauza duka wenzangu kama mjinga.

Baadaye nikapata vipele viganjani na kwenye nyayo, haviwashi wala nini. Nikasema ni haya maboksi ya mzigo, yana madawa. Navyo vikaondoka vyenyewe. Nikasahau.

Kwa hiyo siku ile ya mistari miwili ya kwanza, tunarudi nyumbani, Mama Nasra akaniuliza, "Sasa Baba, hii imetoka wapi?" Mimi nikamjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Haya magonjwa yanakaa mwilini miaka. Huwezi kujua nani alikuwa nayo kabla hatujaoana." Nilijua aliwahi kuchumbiwa na mtu huko kwao. Nikamwachia huo mzigo aubebe yeye. Akageuka akaangalia barabarani, na mimi nikajua ameamini.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa sasa ananiambia "kimesoma tena."

Hesabu niliyopiga ilikuwa nyepesi. Nilitibiwa. Yeye alitibiwa. Mimi tangu Tunduma sijachepuka, na hilo naapa. Sasa kaswende imerudi kwake. Imeingilia dirishani? Na zile habari za "walishatuambia" nikaziona ni ujanja. Niliona mtu asiye na kosa angelia, angeshtuka. Huyu amekuja na majibu mkononi, ametulia, anakusanya sahani.

Kuanzia hapo nilikuwa mgonjwa wa kitu kingine. Nilianza kunusa kanga zake. Akioga mapema nashuku, akichelewa kuoga nashuku. Akicheka na simu, moyo unanipasuka. Nikajifunza namba yake ya siri kwa kumchungulia begani, na akiwa nje kwenye karai la samaki mimi niko ndani natafuta.

Nikakuta meseji. "Mke wangu leo kuna changu wa maana, wahi."

Mtu wa Feri. Mzaramo mmoja anayeuza samaki kwa wachuuzi, na mke wangu ndiye mteja wake tangu zamani. Sasa ndugu yangu unayesoma, kama wewe ni wa nchi hii umeshanicheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakuita mke wake, mtumwa wake, mchawi wake, mbele ya watu, na hamna ugomvi. Nililijua hilo. Nilishawasikia kwenye simu, sauti iko juu, yule anamwambia babu yako alifika huku na mizigo kichwani mimi ndiye nikampa maji, na mke wangu anamjibu nyie Wazaramo mnacheza ngoma huku shamba limejaa majani. Nilikuwa nacheka nao.

Lakini shuku ikishakaa, hata unachokijua unakiona kipya. Nikajiambia, hao ndio wajanja zaidi, wamejificha kwenye utani.

Asubuhi moja nikamfuata Feri. Nilimwambia nawahi dukani, nikakaa nyuma ya matenga na mabarafu kama mwizi, viatu vimelowa maji ya samaki. Nikamwona anafika. Yule jamaa akapiga kelele, "Mke wangu wa Tabora huyo, mpisheni ana mimba yangu!" Watu wakacheka. Mke wangu akampiga na kanga begani, naye akamwongezea samaki wawili kwenye ndoo.

Ana mimba yangu. Kasema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mimi nilirudi Kariakoo siku hiyo nikiwa nimeshahukumu.

Nilipomkabili, Mama Nasra alinitazama kwanza kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Mtani wangu? Yule wa Feri?" Akataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Baba Nasra, twende kliniki. Muulize nesi mwenyewe."

"Manesi ni wenzako haohao," nikamwambia. "Mmeshapangana."

"Tumepangana nini? Damu?"

Nikampigia simu baba mkwe Tabora. Sikumwamkia hata vizuri. Nikamwambia binti yake ameniletea ugonjwa wa zinaa ndani ya nyumba akiwa na mimba, na mimba yenyewe sina uhakika nayo. Mzee aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Nimekusikia, baba," akakata simu.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenileta mjini na kunipa kianzio cha biashara, akaitisha kikao pale kwake. Kwetu sisi watu wa kusini mjomba akiita huendi kutoa udhuru. Mama Nasra alikaa kwenye mkeka. Mimi ndiye niliyesema, nikamwaga yote, meseji, samaki wawili, Feri, kila kitu.

Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Na wewe umepima?"

"Mimi nipime nini, Mjomba? Mimi ni mzima."

"Basi pima ulete. Mzima haogopi kupima."

Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nitarudi na majibu masafi niwawekee mezani wote wanyamaze. Kesho yake nikaingia maabara moja ndogo upande wa Mchafukoge, mahali ambapo hawanijui. Nikatobolewa kidole. Nikakaa najipangia maneno nitakayomwambia Mjomba.

Mistari miwili.

Kijana wa maabara akaniambia, "Kaka, onana na daktari akupe maelezo." Maelezo gani tena? Mimi maelezo nilikuwa nayo. Mke wangu amekwenda kuchukua huko, amekuja kunipa na mimi. Niliyekuwa nimepona, niliyekuwa nimetulia. Nikatoka pale na hasira zangu.

Sikurudi hata kwa Mjomba. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikamwambia Mama Nasra afungashe. Aliuliza kitu kimoja, kama nina uhakika. Nikamwambia ushahidi uko kwenye damu yangu. Akafunga nguo zake na za mtoto, akafunika karai lake la kukaangia kwa gunia, akampa jirani ufunguo wa stoo ya mkaa. Nikawakatia tiketi ya basi la Tabora. Nasra alinipungia mkono kupitia dirishani, anadhani wanakwenda kutembea.

Nilijisikia mshindi kwa siku chache. Halafu woga ukaniingia, woga wa mwili wangu mwenyewe. Kaswende si mafua. Nikasema nikatibiwe kabla haijanipanda kichwani. Nikaenda hospitali, nikakutana na daktari mama mmoja wa makamo, nikamweleza nimeambukizwa upya na mke.

"Uliwahi kutibiwa kaswende kabla?" akaniuliza.

"Ndiyo, lakini nilipona."

"Basi hicho kipimo ulichopima hakijibu swali lako." Akasogeza kiti. "Nani alikuambia kitarudi kuwa mstari mmoja?"

Hakuna aliyeniambia. Sikukaa pale waliponiambia.

Alinieleza taratibu. Vijidudu vya kaswende vikiingia, kinga ya mwili inatengeneza vitu vyake vya kupambana navyo. Hivyo vinabaki kwenye damu hata baada ya ugonjwa kutibiwa, kwa watu wengi vinabaki maisha yote. Kipimo cha haraka kinatafuta hivyo, hakitafuti mdudu. "Wewe ni mtu wa Kariakoo," akasema, "unawajua mgambo. Mmachinga akishawasumbua, sura yake wanaishika, hata kama siku hizi ameshahamia Mbagala. Ukiwauliza unamjua fulani, watasema tunamjua. Hawajasema yupo."

Ndipo akanitajia damu nyingine, ile ya maabara inayopimwa kiwango. Hiyo inaonyesha kama bado kuna vita au vimeshaisha. Hiyo ndiyo waliyomchukua mke wangu. Hiyo ndiyo ambayo mimi sikuisubiri.

Nikamwuliza na kile kidonda cha zamani, maana nilishaanza kuona giza. Nikamwambia ukweli, Tunduma na unga wa mtaani. Akatikisa kichwa. Akasema unga haukufanya kitu. Kidonda cha kaswende kinafunga chenyewe. Kinga inapambana pale juu, inakifunga, lakini vijidudu vimeshaingia kwenye damu vimejificha, vinakuja kutokea tena kwenye viganja na nyayo, halafu vinatulia tena. Mtu anajiona amepona kumbe anaambukiza mkewe kitandani. Akaniambia na hili mlishike: hiyo kumbukumbu ya kinga haikulindi. Ukienda ukaipata upya, unaumwa upya.

Majibu yangu ya kiwango yalipotoka, yalikuwa chini kabisa. Ya zamani. Imetibiwa. Hakuna aliyeniambukiza kitu.

Nikakimbilia kliniki ya Mama Nasra. Nikamwomba nesi anipe majibu ya mke wangu. Akanitazama juu mpaka chini.

"Majibu ya mama nampa mama," akasema. "Na alishanipigia siku nyingi, nimeshampa."

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alikuwa Tabora na ushahidi wake, na hakunipigia hata kuniambia unaona. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Mngedhani nilipanda basi siku hiyohiyo. Sikupanda. Niliona aibu, na aibu yangu nikaiita shughuli nyingi za duka. Nikawa natuma matumizi, hazungumzi na mimi, anamweka Nasra kwenye simu. Tumbo lake likakua huko bila mimi.

Siku moja akaja dukani yule mtani wa Feri. Nilipomwona nikajua nitapigwa, na ningekubali. Hakunipiga. Akashika vifungo vyangu, akavichezea, akaniuliza kwa upole, "Wewe Mmasasi, umenifukuzia mtani wangu. Sasa asubuhi nani ananitukana?"

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia nilidhani.

"Ulidhani nini? Ningekuwa namtaka mkeo ningemwita dada." Akaweka vifungo chini. "Nenda Tabora. Ningekusindikiza nikakuombee, ndiyo kazi ya mtani. Ila wewe huna utani na mimi. Wewe ni mpumbavu tu."

Nilifika Tabora mtoto ameshazaliwa. Wa kiume, mzima, analia kwa nguvu. Babu yake alishampa jina. Sikuulizwa, na sikuwa na mdomo wa kuuliza kwa nini sikuulizwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanionyesha pa kukaa, basi.

Nikasema nimekuja kuomba radhi, na nikasema yote mbele yake na mbele ya mke wangu. Nilisema kipimo, nilisema mgambo, nilisema damu ya kiwango. Halafu nikaona kama nikiishia hapo bado nitakuwa nimeficha. Nikasema na Tunduma. Nikasema mimi ndiye niliyeileta tangu mwanzo, na siku ile njiani nilimtupia yeye kwa makusudi.

Nilitegemea kilio. Nilitegemea mzee asimame.

Mama Nasra alikuwa ananyonyesha. Hakuinua hata kichwa. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Mwezi mmoja kabla ya ndoa nilimtolea mama damu hospitali hapa. Waliipima kila kitu, na kaswende, ikawa safi. Uliponiambia eti huwezi kujua ni nani, nilijua palepale. Nikasema mume wangu ameona aibu, acha nimsitiri." Akambadilisha mtoto upande. "Nikakusamehe bila kukusubiri uombe. Ile nilikuwa nimeimaliza, Baba Nasra. Sasa umekuja ukampigia baba yangu simu, ukanivua nguo kwa uchafu wako mwenyewe. Hii ya pili sijui naifanyaje. Nimejaribu, sijui."

Baba mkwe akatoka nje. Tulibaki sisi wawili na mtoto.

Sijadaiwa talaka, sijapewa msamaha. Yuko kwao, ameanza kukaanga samaki wa ziwani wanaoletwa na treni, na nasikia wateja wanapanga foleni. Mimi niko Buguruni na vyumba viwili.

Wanaume wenzangu, na wanawake pia, nisikieni. Mkiitwa wawili kliniki, kaeni wawili mpaka nesi amalize kuongea, hata kama benchi lote linawajua. Kidonda kisichouma kikimtokea mtu, asifurahi kikipotea, aende akapimwe. Mkishatibiwa, muulizeni daktari kipimo kipi kinawafaa baadaye, na msihukumu nyumba kwa mistari miwili. Na kama wewe ndiye uliyeileta, sema siku hiyohiyo. Mimi niliona nikinyamaza nitabaki mwanaume mbele ya mke wangu, kumbe mwenzangu ananitazama tu.

Na msiianze shuku. Nasema hivi kwa sababu daktari ameniambia nimepona, na kwa kaswende namwamini. Lakini wiki iliyopita nilimpigia Mama Nasra, simu ikaita mpaka ikakata. Alikuwa anamwogesha mtoto, Nasra aliniambia baadaye. Baada ya yote haya niliyowaandikia, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani wakati ile simu inaita ni, yuko na nani.